Picha Iliyopendwa na Wengi

Wakesho alikuwa fundi wa cherehani mjini Voi. Siku za kazi alishona sare za shule katika chumba kidogo nyuma ya soko. Alikata vitambaa, akatia vifungo, akabishana na wazazi waliotaka sare iwe tayari jana. Lakini Jumapili alasiri cherehani ilifunikwa, na Wakesho akatoka na simu yake kwenda kupiga picha.

Hakuna aliyemlipa. Alipiga kwa kupenda tu. Na hakuwa peke yake, kwa maana mji wa Voi una watu wengi wenye ugonjwa huo. Walikuwa na kikundi chao, na walikutana nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Hashil. Hashil alizaliwa Voi, lakini wazazi wake walitoka Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha kwao. Kila mtu alileta picha moja. Wenzake waliitazama, wakasema ubora wake na kasoro zake. Hashil alikuwa mkali. Picha ikiwa mbaya alisema ni mbaya, kisha akakumiminia chai kana kwamba hajakuvunja moyo.

Picha za Wakesho zilikuwa nzuri. Alipiga mikono ya shangazi yake ikichambua maharagwe. Alipiga ukungu wa asubuhi juu ya mashamba ya mkonge ya Mwatate. Hiyo ya ukungu Hashil aliitazama muda mrefu bila kusema neno, na kwa Hashil hiyo ni sifa kubwa.

Lakini akiziweka Facebook, zilipendwa na binamu zake tu. Tena si binamu wote.

Katika kikundi hicho alikuwamo kijana mmoja, Valentine. Yeye alijipiga picha amelala kwenye reli, au amening'inia kwenye mnara wa simu. Hashil alizikataa zote. Mtandaoni watu walizigombania. Siku moja Valentine alimwambia Wakesho ukweli, kama alivyouona yeye.

"Picha zako ziko sawa, lakini zinalaza watu. Watu wa online wanataka kushtuka. Wape kitu hawajawahi ona."

Maneno hayo yalimwingia Wakesho. Hamu ya kupendwa na watu ilikuwa imeshamlevya. Na kitu ambacho watu hawajawahi kuona, yeye alikijua kilipo.

Kwao ni juu mlimani, ukishapita Mwatate. Zamani Wataita walikuwa na desturi yao. Mtu mzima akifa, alizikwa. Muda ukipita, kaburi lilifunguliwa, na fuvu lake likapelekwa kwa heshima kwenye pango la ukoo. Huko lilipangwa kando ya mafuvu ya waliomtangulia. Ukoo ukiwa na shida, mvua imekataa au maradhi yameingia, wazee walikwenda pale kuomba. Baadaye watu walibatizwa, na desturi ikaachwa. Mafuvu yalibaki pangoni, yamepangwa kwa safu, na njia ya kwenda huko ikaota majani.

Baba yake Wakesho, Silvanus, alikuwa mzee wa kanisa. Habari za pango hakupenda kuzizungumza. Jumamosi moja Wakesho alipanda mlima kumtembelea. Walipokuwa wakila kimanga, ule mhogo wao uliopondwa na maharagwe, alimwomba ruhusa ya kwenda kupiga picha kule.

Silvanus alitafuna polepole. "Hayo ni mambo ya giza," alisema. "Sisi tulishayaacha."

Hakusema nenda. Hakusema usiende. Wakesho akasikia alichotaka kukisikia.

Pangoni kulikuwa na baridi. Mafuvu yalikuwa kwenye safu yake, yametulia, na sakafu ilikuwa safi kuliko alivyotarajia. Hakujiuliza ni nani aliyeifagia. Kwanza alipiga picha kadhaa vile vile alivyokuta mambo. Zilikuwa picha safi. Kila kitu kilionekana, hata nyufa za mifupa. Lakini zilikuwa tulivu mno, na Wakesho akayakumbuka maneno ya Valentine.

Basi akafanya jambo ambalo hata leo hapendi kulisimulia. Alinyoosha mkono, akalitoa fuvu moja kwenye safu, lile la mwisho pembeni. Alilipeleka karibu na mlango wa pango, akaliweka juu ya jiwe, akawasha mshumaa kando yake. Alipiga picha, kisha akaipamba kwa simu. Alitia rangi nyekundu. Alitia moshi ambao haukuwapo. Alitia giza kwenye macho na kwenye meno ili itishe zaidi. Simu ilimwambia imejaa, naye akazifuta zile picha tulivu. Manyunyu yalipoanza, alilisukuma fuvu ndani kidogo, akakimbia. Hakulirudisha mahali pake.

Jioni hiyo aliiweka picha Facebook na kuandika, "Pango la siri la Wataita." Akabonyeza pia pale panapoonyesha mahali picha ilipopigwa.

Ikawa kama moto kwenye nyasi kavu. Watu wa Nairobi waliipenda, watu wa Ulaya waliipenda, na wengine walioandika kwa herufi asizoweza kuzisoma. Wengi waliuliza, "Ni wapi huko?" Wakesho, kichwa kimevimba, aliwajibu wote. Aliwaambia washuke Mwatate, wapande bodaboda, wapite shule ya msingi, washike njia ya kushoto. Alijiona mwenyeji mwema.

Kikundi kilipokutana, Valentine alimpongeza sana. Hashil hakupongeza. Aliirudisha simu mezani na kuuliza swali moja tu.

"Binti, huyu aliye kwenye picha, wenyewe ni nani?"

"Ni wa ukoo wetu, mzee."

"Na ukoo ulikubali?"

Wakesho alisema wenyewe wameshakufa. Hashil alisema waliokufa wana watoto, na watoto ndio wa kuulizwa. Akamsihi aondoe jina la mahali siku hiyo hiyo. Moyoni Wakesho alisema mzee ana wivu. Hakuondoa kitu.

Muda si mrefu wageni wakaanza kupanda mlima. Walipita shambani kwa Silvanus na simu mkononi, wakimuuliza njia ya pangoni. Alipaswa kuwafukuza. Lakini mzee wa kanisa atasemaje kwamba anayalinda mafuvu? Aliinama, akaendelea kupalilia, na wao wakaitafuta njia wenyewe.

Asubuhi moja simu ya Wakesho iliita. Baba yake hakuwa mtu wa kupiga simu. Alisema maneno matatu tu, "Wakesho, njoo nyumbani," kisha akakata.

Nyumbani hakuwapo; alimkuta pangoni. Safu ilikuwa imevurugwa. Kulikuwa na chupa za bia, masalia ya mishumaa, na majina ya watu yaliyochorwa ukutani kwa mkaa. Fuvu moja lilikuwa limepasuka. Silvanus alikuwa amepiga magoti katikati ya uchafu huo, akiokota vipande na kuvitia ndani ya koti lake la kanisani. Alikuwa akilia. Wakesho hakuwa amemwona baba yake akilia hata siku waliyomzika mama.

"Kulikuwa na mmoja pale pembeni, mwisho wa safu," Silvanus alisema. "Ni babu yangu. Baba alinionyesha nikiwa mdogo. Sasa hayupo. Wamemchukua."

Wakesho alilijua fuvu hilo. Pembeni, mwisho wa safu. Alikaa chini kwenye vumbi, akamwambia baba yake yote. Aliungama kuwa yeye ndiye aliyelitoa, akaliacha karibu na mlango, mahali ambapo yeyote angeweza kuinama na kulibeba.

Silvanus hakumpiga, wala hakumkaripia. Ingekuwa nafuu.

"Nilikuwa nakuja kufagia hapa," alisema. "Miaka yote. Nilikuwa nawaficha watu wa kanisa, nikawaficha na nyinyi wanangu. Ulipouliza, niliona haya kukwambia ni babu yangu. Nikasema ni mambo ya giza."

Waliripoti polisi. Siku iliyofuata alikuja Mwende, afisa wa kaunti anayeshughulikia turathi, yaani vitu na mahali tulivyoachiwa na waliotutangulia. Mwende alieleza kwamba kuondoa fuvu pangoni ni kosa la jinai. Wapo watu wanaonunua vitu kama hivyo, na huvisafirisha mbali. Lakini fuvu likikamatwa popote, linaweza kurudishwa, mradi ukoo uweze kuonyesha kwamba ni lenyewe. Akaomba picha.

Wakesho aliitoa ile picha. Mwende aliivuta karibu, akaitazama kwa muda, akatikisa kichwa.

"Rangi ya mfupa siioni, umetia nyekundu. Meno siyaoni, umeyatia giza. Huu moshi umefunika upande mzima. Wakilikamata fuvu bandarini, tutalilinganisha na nini? Huna nyingine?"

"Zilikuwapo," Wakesho alisema. "Zilikuwa safi. Nilizifuta."

Maelfu ya watu walikuwa wameipenda picha hiyo, na siku ilipohitajika haikufaa kitu. Wakesho aliona aibu iliyomwingia hadi mifupani.

Mwende hakuwa mtu wa kugombeza. Aliketi nao, akawaeleza la kufanya. Kabla ya kupiga picha kaburi, pango, maiti, mgonjwa au mtoto, waulize wenyewe, na usitosheke na jibu la kukwepa. Uliza tena mpaka usikie ndiyo au hapana. Usiguse wala usihamishe kitu. Itunze picha ya kwanza, ile isiyopambwa, hata kama haivutii. Zima lokesheni, yaani alama ya mahali, kwenye kamera ya simu, na usitaje mahali penye kitu kinachoweza kuibwa au kuharibiwa. Ukishakosea, futa mapema, waombe waliosambaza nao wafute, na utoe taarifa bila kuficha.

Wakesho alifuta picha papo hapo. Aliwaandikia watu wengi akiwaomba wafute. Wachache walikubali. Wengine walimcheka. Ukurasa mmoja ulikuwa umeshaiiba na kuandika chini yake, "Fuvu la mchawi." Aliwasihi waiondoe, nao wakamzuia asiweze kuwaandikia tena. Picha hiyo ingali huko mpaka leo, na babu yake Silvanus, mkulima aliyekufa na jina lake jema, huitwa mchawi na watu asiowajua.

Aliporudi Voi, Wakesho alikiambia kikundi habari yote. Alitarajia Hashil aseme, nilikuonya. Hashil alimmiminia chai tu. Kisha akawageukia wote.

"Hesabu ya waliopenda inatwambia wangapi wameshtuka," alisema. "Kujua kama picha ni njema, hiyo tuitazame wenyewe, kwa macho yetu, kama tulivyoanza."

Tangu siku hiyo, mtu akileta picha, swali la kwanza ni kama mwenyewe aliulizwa. Wanaotaka kusifiwa kwa kushtua watu wamehamia kwingine. Valentine alibaki, jambo lililowashangaza wengi, na siku hizi anapiga picha za mafundi wa reli wakiwa kazini. Zinapendwa na watu wachache. Hashil alizitazama, akanyamaza muda mrefu.

Mlimani, ukoo ulikutana. Silvanus alisimama mbele ya ndugu zake, baadhi yao wazee wa kanisa kama yeye, na kusema waziwazi kwamba amekuwa akifagia pango na ataendelea kufagia. Hakuna aliyemcheka. Ilibainika wawili wengine walikuwa wakienda kwa siri vile vile. Walikubaliana kuyarudisha mafuvu kwenye safu yake, kuifunga njia kwa miiba na kuweka zamu ya kulinda. Jina la mahali lilipoondolewa, wageni walipungua, kisha wakakoma. Fuvu halijapatikana.

Kisha Mwende akashauri mafuvu yaliyobaki yapigwe picha safi, moja moja, nakala zikae kwa ukoo na ofisini kwake tu. Ndugu waliuliza nani atapiga. Silvanus alisema ni Wakesho. Palizuka manung'uniko, naye akarudia.

Walikwenda asubuhi, mwanga ukiwa mweupe. Wakesho hakugusa kitu. Silvanus alitangulia kwenye safu, na kila alipofika alitaja jina, kwa sauti, kwa mara ya kwanza mbele ya mtoto wake. Huyu ni Mwadime. Huyu ni Mghanga, alikuwa mrina asali. Wakesho aliandika jina, akapiga picha, akaikagua kama inaonekana vizuri, wakasogea.

Walifika mwisho, pembeni. Palikuwa na alama ya mviringo kwenye vumbi la jiwe alipokaa miaka yote, basi.

"Piga na hapa," Silvanus alisema.

"Baba, hapa hakuna kitu."

"Piga. Andika Mwasaru."

Wakesho alichuchumaa. Machozi yalimzuia kuona, ikabidi ayafute kwanza, maana picha ilitakiwa iwe safi. Aliandika Mwasaru, akalipiga picha jiwe.