Mtoto Aliyefundishwa Kulia

Wazazi wenzangu, nina habari za nyumba moja. Ukiona inafanana na yako, usininunie mimi, kaikague yako.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani karibu na dirisha, na kila asubuhi fundi, mama wa nyumba hiyo, alikaa hapo akishona sare za shule. Binti yake wa miaka saba, waliyembandika jina la Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, alitambaa sakafuni akiokota pini kwa sumaku. Baba alikuwa dereva wa lori, wiki moja nyumbani, tatu barabarani.

"Mama, ukimeza pini inatokea wapi?"

"Inatokea kwa daktari. Okota, acha maneno."

Basi wakacheka, wakaendelea na kazi.

Kisha watu wakaanza kuagiza nguo kwa simu. Zinakuja zimeshonwa, zimepigwa pasi, zimefungwa kwenye mfuko. Wateja wa fundi wakapukutika mmoja mmoja. Siku moja pini ikamchoma Kidoti, naye akalia kwa namna yake: mdomo unatetemeka kwanza, halafu linashuka chozi moja, moja tu. Mama akamrekodi kwa mzaha, akairusha video mtandaoni. Hadi jioni walikuwa wameitazama watu elfu arobaini.

Mzaha ukawa ajira. Kidoti akalizwa kwa kunyimwa pipi. Akalizwa kwa kuambiwa paka wake amekufa, kumbe paka kafungiwa chooni. Video iliyopendwa kuliko zote ni ile aliyojifanya anaumwa tumbo ili asiende shule. Kampuni ya sabuni ikaleta katoni na bahasha ya hela, itangazwe kwenye video hizo. Cherehani kikatandikwa kitambaa, kikawa meza ya kuwekea taa. Akija mtu kupunguza suruali, anaambiwa fundi hayupo, na anayemwambia ni fundi mwenyewe.

Wifi yake, dada wa mume, aliuza mboga nyumba ya pili. Hakuwa mtu wa kuficha neno.

"Wifi, siku hizi nikisikia mtoto analia, naangalia kwanza kama taa imewashwa."

"Wivu huo, wifi. Njoo nikurekodi na wewe, ulilie nyanya zako zilizooza."

"Zikioza natupa. Mtoto utamtupa wapi?"

Fundi akacheka. Jamani, tunacheka sana tukiambiwa ukweli.

Jumatatu moja asubuhi Kidoti hakugusa uji. Alikunja magoti kitandani, mkono tumboni, mdomo unatetemeka.

"Ah! Umeanza hata taa sijawasha?" mama akasema, akakimbilia simu.

"Mama, hii si ya simu."

"Vizuri sana! Sema tena hivyo hivyo, uniangalie mimi."

Mtoto akasema tena. Mama akarusha. Watu wakamwaga mioyo na vicheko. Mmoja akaandika kwamba leo binti amejipita mwenyewe. Alipotapika, mama alisema ni ndizi za jana, akapiga deki.

Jumanne asubuhi wifi akapita, akamshika paji la uso. "Huyu anaungua. Mpeleke hospitali."

"Humjui huyo, wifi. Akiamua kuumwa, hata jasho analitoa."

"Na homa nayo anaitoa?"

Fundi alisita. Nawaambia alisita, maana hakuwa mama mwovu, alimpenda mwanawe. Lakini alikuwa amemwona akishika tumbo lile lile mara nyingi mno, na kila mara ni yeye aliyemwelekeza pa kushika. Akampa dawa ya maumivu, akasema wangoje kwanza.

Saa nane mchana kilio kikakoma ghafla. Kidoti akalala kimya.

"Umeona?" fundi akamwambia wifi aliyerudi kuchungulia. "Mchezo umeisha."

Wifi akasogea kitandani. Aliweka kiganja juu ya tumbo la mtoto. Lilikuwa gumu kama ubao. Akambeba, akatoka mbio bila viatu, na fundi nyuma yake akiuliza kuna nini, kuna nini.

Hospitali daktari alisema kidole tumbo kimepasuka, na usaha umesambaa. Ndiyo maana maumivu yalipungua kwa muda.

"Alianza kuumwa lini?"

"Jana, saa moja na dakika kumi asubuhi."

"Una uhakika?"

Alikuwa na uhakika. Alikuwa na video. Daktari akaitazama mpaka mwisho, akamrudishia simu, akaenda kunawa mikono.

Walimpasua mara mbili. Kidoti akanusurika kifo, lakini alikaa wodini wiki sita, na mshono ulikuwa hautaki kufunga. Baba alirudi safari, akakaa upande mmoja wa kitanda; mkewe akakaa upande wa pili.

Asubuhi moja muuguzi alikuwa anabadilisha bandeji. Akabonyeza karibu na kidonda. "Hapa panauma, mwanangu?"

Kidoti akamtazama mama yake. Muuguzi akabonyeza tena, usaha ukatoka, na mtoto hakukunja hata uso.

"Niambie, panauma?"

"Muulize mama," Kidoti akasema.

Muuguzi akamgeukia fundi, bandeji bado mkononi.

FUNZO

Kazi zinabadilika, na simu haina kosa. Fundi alikuwa na haki ya kutafuta riziki nyingine. Kosa lake ni kuuza kitu kisichokuwa chake. Kilio ndiyo njia ya mtoto kumwita mzazi. Ukikifanya bidhaa, siku anayokuita kweli utasikia soko tu. Na sisi tuliobonyeza mioyo tukacheka, tusijitoe: sisi ndio tuliokuwa wanunuzi. Mwanao akisema anaumwa, weka simu chini na umshike. Kama anakudanganya, hasara yako ni nauli ya hospitali.