Upande wa Kushoto

Aliyeanza kumkera Joyeuse Mukalay alikuwa kuku wa jirani. Joyeuse alikuwa amekaa sebuleni mchana, simu ipo mezani kwenye sauti ya juu, kinasa sauti kidogo kimelazwa kando yake, akimrekodi bibi mmoja aliyekuwa Mwene-Ditu, mji wa mbali huko Kasai. Kila bibi alipofika penye uchungu, kuku alitangaza yai lake. Aliporudia kusikiliza, alisikia kuku, jenereta ya mchomeleaji, mvua juu ya bati, na chini ya hayo yote mtu akipumua.

Hakuijali ile pumzi. Simu za Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, zina mambo yake, na mtu akianza kuogopa kila mkwaruzo hatampigia hata mama mkwe.

Kwa kazi alikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya mtaa, lakini moyo wake ulikuwa kwenye podikasti aliyoiita Karibu Nyumbani. Aliwapigia simu watu wa asili ya Kasai waliofukuzwa Kolwezi mwaka wa tisini na tatu, wakati migodi ilipoanguka na vijana wenye filimbi wakapita nyumba kwa nyumba wakiwatoa watu. Waliofukuzwa walilala stesheni majuma na majuma wakingoja treni. Wengine hawakuiona. Mji mzima unaijua habari hiyo, na ukiuliza, mji mzima una haraka ya kwenda sokoni.

Alikaa na baba yake, Tata Mwenze, ambaye mkewe alikuwa amekufa zamani. Huyo mzee alikuwa msomaji wa masomo parokiani, na sauti yake ndiyo iliyokuwa mali ya nyumba ile. Akisoma, hata watoto walinyamaza. Joyeuse alikua akiisikia sauti hiyo kupitia ukutani, ikiimba wakati wa kunyoa ndevu, na hakuwa na kitu duniani alichokipenda zaidi.

Kuku na mvua vilimpeleka kwa Stany, muuza vifaa vya sauti pale sokoni, mtu ambaye angeweza kumuuzia kiziwi redio mbili.

"Hii ya kunyonya, mama, unabandika mu mugongo ya telefone," Stany alisema kwa Kiswahili cha mitaa ya Kolwezi, akimwonyesha kidude chenye waya. "Inavuta sauti, lakini inavuta na kelele ya courant ya umeme. Uache. Hii kamba nayo inaenda, lakini ukipumua tu, unafunika ule mwenye anasema. Uache pia." Kisha akatoa kisanduku cheusi, akakipangusa kwa shati lake. "Hii njo kitu. Unaingiza micro yako hapa, telefone unaingiza pale. Bintu bya kushoto njo bya weye. Bintu bya kuume njo bya ule mwenye eko mbali. Habachangane, hata kama banagombana."

"Na ile pumzi?"

"Kama inatoka mu ligne ya telefone, utaikuta kuume. Unaifuta, inaisha."

Ndiyo sababu alikichagua. Alitaka kujua pumzi inatoka wapi, apate kuifuta.

Nyumbani alikifunga, akavaa vipokea sauti masikioni, akafungua laini bila kumpigia mtu. Kila mtangazaji hujaribu mtambo kwa maneno yaliyo mdomoni siku zote, na yake yalikuwa yale ya kufungulia kipindi. Akasogea kwenye maikrofoni, akayasema kwa upole kama alivyozoea:

"Karibu nyumbani, weye mwenye balikufukuza. Ingia, ikala, utuambie."

Laini ilikuwa tupu. Hakukuwa na mtu wa kuambiwa hivyo, ila sebule yenyewe. Jioni ile, mezani, Tata Mwenze alipobariki chakula, sauti yake ilikwama katikati, akakohoa, akasema ni vumbi la malori.

Siku iliyofuata Joyeuse alimpigia Mama Mbelu, mjane wa Mwene-Ditu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado cha Kolwezi.

"Mutoto alikuwa na homa pale stesheni," Mama Mbelu alisimulia. "Mvua ilikuwa inanyesha, balikuwa banamwanga chokaa fasi yote juu ya ugonjwa ya kolera. Kabongo, bwana yangu, akaniambia: mi narudia kwetu kutafuta blanketi. Nitakuwa hapa mbele ya treni kufika. Treni ikakuya. Yeye hapana."

"Nyumba yenu ilikuwa namna gani, mama?"

"Ya kona. Mulango ya chuma. Kabongo aliuchomelea yeye mwenyewe, akatia jua lenye mishale mishale. Nyuma ya cuisine, pa kupikia, nilikuwa na shamba kidogo ya mboga ya lengalenga."

Joyeuse aliinua macho. Mlango wa sebule ulikuwa mbele yake, umepakwa rangi ya kijani juu ya rangi ya buluu, na katikati yake jua la chuma lilimtazama, na mishale yake yote. Alikuwa ameupita mlango ule tangu akiwa mtoto wa kubebwa.

Mama Mbelu aliteremsha sauti.

"Mwanangu, njo nani ule anakohoa pale kwako?"

"Hakuna mutu, mama. Niko peke yangu. Papa alienda ku misa."

"Eko anakohoa. Anakohoa mbili, ya tatu anameza." Halafu, polepole sana: "Kabongo alikohoaka vile. Mavumbi ya mugodi."

Joyeuse alikata simu. Akasikiliza upande wa kuume: Mama Mbelu peke yake, safi kabisa. Akasikiliza upande wa kushoto, upande wake mwenyewe, upande wa sebule aliyokaa, na hapo, karibu na maikrofoni kuliko alivyokuwa yeye, mtu alikuwa akipumua kwa mdomo, akikohoa mara mbili, akimeza ya tatu. Aligeuka. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, na mto wake ulikuwa umebonyea. Chumba chote kilinuka chokaa yenye maji.

Tata Mwenze aliporudi, binti yake alikuwa amesimama uani.

"Papa, njo nani alikuwa anaikala mu hii nyumba mbele yetu?"

"Batu baliendaka," mzee alijibu, na sauti ilitoka nyembamba, nusu yake hewa. "Kampuni ya mugodi ilinipatia. Uache hii kazi ya kufukua bintu."

Hakuiacha, na hata kama angeiacha isingesaidia kitu, kwa sababu tangu siku hiyo mtambo ulinasa hata usipoguswa. Asubuhi taa yake ya kushoto iliwaka na kuzimika kwa mwendo wa pumzi, mchana harufu ya chokaa ilitoka jikoni, ikapita ukumbini, ikasimama mlangoni mwa chumba cha Tata Mwenze kama mgeni anayeona aibu kubisha hodi, na kila ilipoondoka mzee alikuwa amepungukiwa na sauti zaidi, kwanza akashindwa kuimba, halafu akashindwa kusoma parokiani mbele ya watu wote, kitabu kikiwa wazi mkononi na mdomo ukifunguka bure, mpaka padri akaja kumshika bega na kumrudisha kwenye benchi. Joyeuse alilia njia nzima ya kurudi. Hofu ya kumpoteza baba yake ilimkaba kuliko hofu ya kile kilichokuwa kikipumua.

Akaenda kumwita Mama Agnès.

Mama Agnès aliongoza kikundi cha maombi mtaani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani, na majini ya nusu ya Kolwezi yalimjua kwa jina. Alikuja mchana na wenzake, maji ya baraka kwenye kidumu cha mafuta ya kula, wakamkalisha Tata Mwenze katikati ya sebule. Joyeuse aliuacha mtambo wazi. Ugonjwa wa watangazaji huo, hata nyumba ikiungua watarekodi moto.

Waliimba. Taa ya kushoto ikawaka nyekundu, ikabaki nyekundu. Mto wa kile kiti cha pembeni ukabonyea zaidi, taratibu, machoni pa wote, na wanawake wakasogeleana wakiwa bado wanaimba.

"Toka!" Mama Agnès alipaza sauti, akimwaga maji. "Toka mu hii nyumba! Haina nyumba yako!"

"Toka!" wanawake wakaitikia, wakipiga makofi. "Toka! Toka! Haina yako!"

Mlango wa chuma ukajipiga. Mto ukainuka. Harufu ikakatika, chumba kikanuka jasho na sabuni tu, na watu wakaanza kukumbatiana. Tata Mwenze peke yake hakufurahi. Alikuwa ameziba masikio kwa viganja, machozi yakimtiririka.

Mama Agnès alitaka kusikia ushindi wake, basi Joyeuse akafungua spika na kuchezesha. Kushoto, wimbo ulisikika, na amri ya Mama Agnès, na makofi. Lakini makofi yale hayakukoma pale yalipokoma kweli, yaliendelea, yakawa miguu ya watu wengi wakikimbia barabarani, yakaingiliwa na filimbi, filimbi nyingi, na mvua, na ngumi juu ya mlango wa chuma, na mtu akisema kwa pumzi fupi, mbili akikohoa, ya tatu akimeza: "Mwenze, ndugu yangu, ni mi. Unifungulie. Niko na homa. Blanketi tu, niende." Halafu sauti nyingine ikajibu, nene, changa, nzuri, ile iliyonyamazisha watoto parokiani, ikipiga kelele ili barabara nzima isikie: "Toka! Toka mu nyumba yangu! Eko huku! Mumukamate!"

Filimbi zikakaribia. Joyeuse akazima. Hakutaka kusikia lililofuata, na hakuna aliyemwomba aendelee.

Mama Agnès alivua kitambaa chake cheupe, akakikunja mapajani. Alionekana amezeeka.

"Tata Mwenze," alinong'ona, "njo nani tulifukuza leo?"

Mzee alizungumza kwa mkwaruzo, wakalazimika kuinama karibu na mdomo wake. Alikuwa amehamia mle siku moja tu kabla. Kabongo alikuwa mwenzake wa karakana. Wale vijana walikuwa kona, na wangemkuta na Mkasai ndani, wangemchoma naye. Basi akapiga kelele. Walimuua Kabongo pale langoni, wakaenda zao, na yeye akamzika nyuma ya jiko, kwenye lengalenga, bila msalaba, bila mtu wa kumlilia.

Mboga ile walikuwa wameila miaka yote. Joyeuse alikimbilia uani, akatapika.

Aliporudi, baba yake alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Unipigie ule mama," alisema. "Mbele ya sauti yangu kuisha."

Joyeuse hakuwa na hasira aliyoweza kuitumia wala huruma ya kutosha. Akapiga. Tata Mwenze akasogea kwenye maikrofoni, akasema yote, jina lake, kelele aliyopiga, mahali penyewe nyuma ya jiko. Mwishoni Mama Mbelu alisema tu, "Asante. Sasa niko na fasi ya kulilia," na akaanza kulia, kilio kirefu cha Kiluba, lugha ya kwao Kasai, kilichongoja treni tangu mwaka ule. Wakati akilia, Joyeuse aliona taa ya kushoto ikizimika. Taa ya kuume ikawaka. Kule Mwene-Ditu, mtu alikohoa mara mbili, akameza ya tatu.

"Ameenda," Joyeuse alisema. "Papa, ameenda kwao!"

Tata Mwenze alifungua mdomo kumjibu. Hakikutoka kitu, hata mkwaruzo.

Walifukua nyuma ya jiko, wakapata mifupa na vifungo vya nguo ya kazi, na parokia ikamzika Kabongo na jina lake. Mama Mbelu aliweka matanga Mwene-Ditu. Polisi walikuja, wakamtazama mzee bubu, wakaahidi kurudi. Nyumba haikunuka tena. Daktari alimmulika Tata Mwenze kooni, akasema koo ni zima kabisa.

Mvua zilipokwisha, Mama Mbelu alipiga simu mwenyewe, mchana, jua likiwa kali. Joyeuse alimpa baba yake kipokea sauti kimoja, kingine akakiweka sikioni mwake.

"Mwanangu, mi nilimulilia Kabongo, akanyamaza. Analala vizuri." Mama Mbelu alisita. "Lakini hakukuya peke yake. Alileta mutu. Eko hapa ku mulango, tangu matanga. Usikilize."

Upande wa kuume, kwa mbali, nyuma yake kukiwa na mvua isiyonyesha popote siku ile na minong'ono ya watu wengi waliokaa juu ya mizigo yao, sauti nene, nzuri, iliyoimba wakati wa kunyoa ndevu, ikauliza: "Joyeuse? Treni iko saa ngapi? Unifungulie, mwanangu. Nataka kurudia kwetu."

Tata Mwenze, aliyekaa kando yake, aliisikia. Akamshika binti yake mkono, macho kwenye maikrofoni. Joyeuse akayakumbuka yale maneno ya kufungulia kipindi, ambayo hakuwa ameyatamka tena tangu siku ya kuujaribu mtambo. Angeyasema tu, kama alivyomkaribisha Kabongo bila kujua, sauti ya baba yake ingerudi. Na wale wengine wote wa stesheni, waliokuwa wamenyamaza sasa kusikiliza atasema nini, wangeingia nayo.

"Analilia nyumba usiku na mchana," Mama Mbelu alisema. "Majirani banauliza. Uniambie, mwanangu. Nimufukuze?"

Joyeuse akamgeukia baba yake. Alikuwa akitikisa kichwa, hapana, asimfukuze, midomo ikienda haraka, na upande wa kushoto hakukunaswa hata pumzi.