Taa ya Senene na Kanzu Nyeupe

Zamani kidogo, ukiuliza njia ya kwenda kwa Cleophace jioni, watu wa Nkwenda hawakujisumbua kukueleza. Walinyoosha kidole tu kuelekea mlimani.

"Si pale panapong'aa? Ndipo kwake."

Nyumba yenyewe ni ndogo. Ina sebule, vyumba viwili na jiko la nje, katikati ya migomba na kahawa. Lakini sebuleni ilining'inia taa ya wati mia nne. Ni taa ya kunasia senene, wale panzi wa kuliwa wanaofuata mwanga usiku. Cleophace aliinunua na rafiki yake ili wanase senene msimu ukifika. Rafiki akahama, taa ikabaki. Cleophace akaona haya kuiacha stoo wakati yeye ana sebule. Akaifunga darini.

"Hapa hata sindano ikianguka utaiona," alijisifu.

Ni kweli, sindano ilionekana. Ila wageni walikaa wamekunja nyuso kama watu wanaokula ndimu.

Mke wake, Restuta, ni fundi cherehani. Mwezi ule wa Novemba alipata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Usharika wao ulikuwa unajiandaa kwa jubilei. Kwaya ilitaka kanzu kumi na mbili, nyeupe, mpya. Mama Mukashema, mwenyekiti wa kwaya, alileta kitambaa mwenyewe.

"Wengine walitaka twende kwa mafundi wa mjini," alisema. "Mimi nimekutetea wewe. Jumamosi jioni nataka kanzu zote, tena safi. Usiniaibishe, Mama Nabasa."

"Sitakuaibisha, mama," alijibu Restuta. Aliogopa, lakini alifurahi zaidi.

Jumatano jioni mvua ilikatika. Madirisha yalikuwa wazi. Restuta alikuwa anashona, na kanzu zilizokamilika zilikuwa juu ya kiti. Mara senene wakaingia. Kwanza wawili, kisha kumi, kisha hawahesabiki. Nabasa, binti yao, alishangilia na kukimbilia ndoo.

"Baba, wamejileta wenyewe!"

Cleophace alicheka. "Nyumba gani nyingine inaletewa kitoweo sebuleni?"

Restuta hakucheka. Senene wanatema ute wa kahawia, na walikuwa wamejaa juu ya kitambaa cheupe. Alizifunika kanzu kwa khanga, lakini alichelewa. Kanzu mbili zilikuwa na madoa.

Alhamisi jioni alifunga madirisha, akashona kwa haraka kwenye joto. Alikuwa kwenye kanzu ya tisa. Ghafla cherehani ya umeme ikanyamaza. Giza likaingia.

"Umeme umeisha," alisema Cleophace.

"Umeishaje? Tumenunua Jumatatu!"

"Labda mita ina matatizo."

"Mita haina matatizo. Taa yako ndiyo inakula umeme wangu! Inaniletea wadudu, halafu inaizima cherehani yangu!"

"Sasa unataka tukae gizani? Watu watasema Cleophace amefulia."

"Na mimi watasema nini Jumapili?" Restuta alianza kulia. Cleophace aliinamisha kichwa kwa aibu, akaenda kutafuta mshumaa.

Asubuhi alikuja Eseri, binti wa jirani. Eseri amesomea ufundi umeme, na sasa anafunga nyaya za nyumba huku na huko Kyerwa. Alikuwa amefuata sketi yake.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," walijibu wote wawili, kila mmoja akiangalia upande wake.

Eseri aliona madoa kwenye kanzu. Akainua macho, akaiona taa.

"Waitu jamani, poleni! Baba, hii si ya kunasia senene?"

"Ndiyo. Ina mwanga sana."

"Haina kosa, baba. Ila kazi yake ni kuwaita wadudu, na inaifanya vizuri. Umeiweka mahali ambapo hutaki waje."

Nabasa alicheka, akatazamwa na baba yake, akaacha.

"Wati mia nne maana yake inakula uniti moja kwa saa mbili na nusu," Eseri aliendelea. "Balbu ya LED ya wati tisa itawaka zaidi ya saa mia moja kwa uniti hiyohiyo."

Cleophace alikunja uso. "Wati tisa? Itamulika nini? Hata chumbani nimeweka balbu ya wati sitini."

"Wati si mwanga, baba. Wati ni chakula cha balbu. Una ng'ombe wawili. Mmoja anamaliza majani yote, mwingine anakula kidogo. Wote wanatoa maziwa sawa. Utamfuga yupi?"

"Anayekula kidogo."

"Basi ile ya chumbani ni yule mlafi. Iguse ikiwa imewaka, utaungua. Umeme mwingi unaishia kwenye joto. LED ya wati tisa inatoa mwanga sawa na huo."

"Nitajuaje kiasi cha mwanga?"

"Utasoma lumeni kwenye boksi. Karibu mia nane zinatosha sebule hii. Na njoo na balbu ya chumbani, ili tununue zenye kitako kama chake."

Walishuka Nkwenda pamoja. Dukani Cleophace aliona balbu za bei ya chini sana, zimemwagwa kwenye beseni.

"Nipe tano!"

"Subiri, baba," alisema Eseri. "Hazina boksi. Hazina alama ya ubora ya TBS. Hazina hata dhamana. Zikiungua wiki ijayo utamrudishia nani?"

Akachagua zenye boksi. Akamwonyesha namba moja pembeni. "Hapa pameandikwa 3000K. Huu ni mwanga wa manjano kidogo. Zile za 6500K ni nyeupe sana, na wadudu wengi huzipenda. Kwa kanzu za mama chukua hizi."

Eseri alifunga balbu moja sebuleni, moja kila chumba na moja jikoni. Ya tano, ndogo ya wati tano, aliishusha kwa waya karibu na cherehani.

"Mwanga uwe pale penye kazi," alisema. "Dari halishoni nguo."

Cleophace alinunua umeme. Jioni akawasha, akasimama mlangoni akiwa na wasiwasi. Sebule ilionekana yote. Sindano ilionekana pia, maana Restuta aliidondosha makusudi na Nabasa akaiokota. Tena watu walitazamana usoni bila kukunja uso. Senene waliogonga dirisha walikuwa watatu tu.

Restuta alishona hadi kanzu ya kumi na mbili. Zile zenye madoa alizifua. Moja ilitakata. Ya pili aliibadilisha mkono mmoja kwa kitambaa kilichobaki. Jumamosi jioni Mama Mukashema alizikagua moja moja, akamkumbatia. Taa ya senene ilirudi stoo, na umeme ule ulidumu wiki tatu.

Jumapili, kanisani, Cleophace alikaa karibu na Desderius, jirani anayeishi ng'ambo ya bonde.

"Baba Nabasa, kuna usalama kwako?" Desderius alinong'ona. "Juzi na jana sikuona taa yako. Nikajua mna shida."

Wakati huo kwaya iliingia. Kanzu kumi na mbili zilipita katikati ya kanisa, nyeupe, bila doa hata moja. Watu waligeuka kutazama. Restuta aliinama, akafuta machozi.

Cleophace alinyoosha kidole kuelekea zile kanzu.

"Taa yangu ipo," alisema. "Siku hizi inaonekana kule."