Tairi Mbili za Zawadi

Kila asubuhi Thérèse alishuka ngazi amebeba mzigo wenye thamani kuliko dhahabu yote iliyowahi kuchimbwa Johannesburg. Mzigo huo ulikuwa binti yake, Shekinah, mwenye miaka tisa. Miguu ya Shekinah haikuwa na nguvu tangu kuzaliwa. Kiti chake cha magurudumu kililala ndani ya gari, kwa sababu ngazi za jengo lao pale Bertrams zilikuwa nyembamba mno. Watu walisema panya wawili wakikutana kwenye ngazi zile, mmoja lazima arudi nyuma.

"Maman, unanibana," Shekinah alilalamika. Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili alikielewa chote, hasa kile ambacho wazazi hawakutaka akielewe.

"Nikikuachia utaanguka. Shika shingo."

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka 2017. Baridi ilikuwa ile ya kugandisha salamu mdomoni. Thérèse alimweka binti yake kwenye kiti, akamfunga mkanda, akawasha gari.

Gari lilikuwa refu, la kijani, la gia za mkono. Injini yake ilivuta magurudumu yote manne. Ruphin, mume wa Thérèse, alilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Ruphin alikuwa mlinzi wa duka, na zamu yake ilianza alfajiri. Kwa hiyo Thérèse ndiye aliyempeleka mtoto shule, ng'ambo ya Kensington, kisha akarudi kwenye cherehani yake. Tekisi, yale mabasi madogo ya abiria, hazikuwasaidia. Dereva wa tekisi akiona kiti cha magurudumu, ghafla gari lake limejaa, hata kama ndani amekaa abiria mmoja na mwavuli wake.

Lakini sasa gari lilikuwa na ugonjwa. Asubuhi likitoka nyumbani, lilikwenda vizuri. Likishatembea nusu saa kwenye foleni, tabia ilibadilika. Shida ilikuja kwenye kona kali, usukani ukizungushwa hadi mwisho. Hapo gari lilirukaruka kama mbuzi aliyekanyaga makaa. Tairi zililia. Ilikuwa kana kwamba mtu amelishika kwa nyuma.

Jumatatu ile, mbele ya lango la shule, Thérèse alizungusha usukani ili ageuze. Gari lilishtuka mara mbili, likazima katikati ya barabara. Basi lilikuwa linakuja. Dereva wa basi alikanyaga breki, akasimama hatua tatu tu kutoka mlango wa Shekinah.

Shekinah hakulia. Alimshika mama yake mkono tu, akaushika kwa nguvu.

Mchana ule, afisa wa shule aliyeliona tukio la langoni alimpa Thérèse fomu. Alikuwa mama mpole, mwenye sauti ya taratibu.

"Kuna nafasi moja bwenini, kule Pretoria," alisema. "Wanapokea watoto kama Shekinah. Atakuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Ila nafasi haingoji. Nahitaji jibu Ijumaa."

Jioni Ruphin aliiweka fomu mezani, akaitazama kama mtu anayetazama nyoka.

"Fundi wa barabarani amesema gia boksi imekufa," alisema. "Tuliuze kama chuma chakavu. Bon, tutafanya nini? Hatuwezi kumuua mtoto kwa sababu tunampenda."

"Pretoria, Ruphin! Usiku akitaka kugeuzwa upande, nani atasikia?"

"Mimi naumia pia, Mama Shekinah."

Chumba cha pili kilikuwa kimya sana. Mtoto alikuwa anasikiliza.

Mara mlango ukagongwa.

"Hodi! Baibui langu limekwisha, au nivae gunia?"

Alikuwa Fauzia, jirani wa chini, mwenyeji wa Tanga. Fauzia alifanya kazi gereji. Kazi yake ilikuwa kufungua gia boksi na difu. Mtaa mzima ulijua mambo mawili juu yake. Kwanza, alikuwa mwongo mkubwa. Aliwahi kuapa kwamba alifungua gia boksi ya lori akakuta kuku ameatamia, na vifaranga tayari wananuka dizeli. Pili, hakuwahi kudanganya juu ya gari la mtu aliye na shida.

Aliona fomu, akaona macho ya Thérèse. Akaketi bila kukaribishwa.

"Hebu nieleze, shoga. Polepole."

Thérèse alieleza. Fauzia hakucheka hata kidogo.

"Gari likienda moja kwa moja, linashikwa?"

"Hapana."

"Linaanza likiwa baridi au likishapata moto?"

"Likishapata moto."

"Na fundi wenu alilifungua? Alilijaribu kwenye kona?"

Ruphin alikohoa. "Alisikiliza injini. Akatikisa kichwa."

"Eti akatikisa kichwa! Kichwa ni spana?" Fauzia alisimama. "Msitie saini karatasi yoyote. Kesho mkimchukua mtoto shule, nipitieni gereji. Msizime gari. Nataka nimwone mgonjwa akiwa na homa yake."

Jumanne alasiri walikwenda watu watatu, Thérèse, Shekinah na Fauzia. Walitafuta uwanja mtupu wa kuegesha magari, karibu na Ellis Park. Sakafu yake ilikuwa lami tupu. Kando yake kulikuwa na kipande cha udongo na kokoto.

"Kwanza breki," Fauzia alisema. Aliweka kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. "Breki iliyong'ang'ania hutoa joto kuliko wenzake. Hizi ziko sawa. Tena breki ikishika, inashika hata ukienda moja kwa moja. Sasa tumuulize klachi. Mama Sheki, tia gia ya kwanza. Zungusha usukani hadi mwisho. Nenda polepole, usikanyage mafuta."

Gari lilianza kuruka.

"Kanyaga klachi!"

Thérèse alikanyaga. Gari lilisimama papo hapo, kama limegonga ukuta.

"Umeona? Ukikanyaga klachi, injini imeachana na magurudumu. Gari lisiloumwa lingeendelea kuteleza kidogo. Hili limesimama. Basi anayelishika si injini wala klachi. Yuko huku, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Sasa nenda kwenye kokoto, fanya vilevile."

Kwenye kokoto gari lilizunguka laini, kama ganda la ndizi juu ya mafuta.

"Auntie, mbona huku haliruki?" Shekinah aliuliza kutoka dirishani.

"Swali zuri, injinia. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwa hiyo lazima yazunguke kwa kasi tofauti. Katikati kuna difu ya kuyaruhusu. Ndani yake kuna mafuta mazito kama asali. Mafuta hayo yakichemka sana, yanakaza. Ya mbele na ya nyuma yanafungwa pamoja, kama watu waliofungwa mguu kwa mguu. Kwenye kokoto tairi inateleza, inapata nafuu. Kwenye lami haitelezi. Ndiyo maana inaruka na kulia."

"Kwa hiyo difu imekufa?" Thérèse aliuliza.

"Huenda. Au kuna kitu kinachoichemsha kila siku. Usimzike mtu kabla hujashika mapigo yake."

Fauzia alizunguka gari. Alisoma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Zote zilikuwa saizi moja. Alipima upepo, akausawazisha. Kisha akainama mbele, akapitisha kidole kwenye kashata, yale meno ya tairi. Akaenda nyuma, akafanya hivyo hivyo.

"Mama Sheki. Hizi za mbele mpya, mmezitia lini?"

Thérèse alijua siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili, wiki nne zilizopita. Kikundi cha maombi kilikuja na nyimbo, kikaleta tairi mbili mpya kwa ajili ya Shekinah. Papa Gaston, kiongozi wa kikundi, aliziombea, hata upepo uliokuwa ndani. Ruphin alizifunga mbele makusudi. Alitaka kila akisimamisha gari kanisani, watoaji waone zawadi yao. Za nyuma zilikuwa za zamani. Hazikuwa vipara, ila zilikuwa zimelika. Na kwao, zawadi haiulizwi maswali.

"Ni zawadi," alisema taratibu.

"Twende gereji. Una utepe wa kushonea?"

Walipofika gereji, Fauzia aliinua gari kwa jeki. Futi ya Thérèse ya kupimia nguo ilikuwa fupi, haikutosha kuzunguka tairi. Basi Thérèse alifanya kama afanyavyo fundi cherehani. Alizungusha utepe katikati ya kashata za tairi ya mbele, akatia alama kwa chaki, akaukata. Akafanya hivyo kwa kila tairi. Alipolaza tepe nne mezani, hakuhitaji kuelezwa. Zile za mbele zilikuwa zimezidi kwa sentimita tatu nzima.

"Ungemshonea mtu suruali hivi?" Fauzia aliuliza.

"Angenirudishia siku hiyo hiyo."

"Basi gari limekurudishia. Tairi kubwa inazunguka mara chache, ndogo inazunguka mara nyingi. Hata ukienda moja kwa moja, difu haipumziki. Inasugua mafuta yake kutoka hapa mpaka shuleni. Ukifika getini yamechemka, ndipo unakata kona. Gari la kuvuta magurudumu mawili lingevumilia. Hili halivumilii. Tairi zote nne lazima zilingane. Kwa gari hili, tofauti isizidi nusu sentimita."

"Na kama difu imeshaharibika?"

"Tutaiuliza."

Fauzia alihamisha tairi. Sasa mbele palikuwa na moja mpya na moja ya zamani. Nyuma vilevile. "Hivi mbele na nyuma zina wastani mmoja," alisema. "Ni kwa majaribio tu, taratibu, mitaa ya karibu. Usisafiri hivi, gari litavuta upande mmoja, na ukifunga breki ghafla ni hatari. Likiruka tena, basi difu imekufa, nitaifungua. Lisiporuka, imepona."

Waliliacha gari lipoe. Kisha Thérèse aliendesha nusu saa, akizunguka mitaa ile ile. Hapakuwa na sala aliyoisahau. Walirudi kwenye lami tupu. Akazungusha usukani hadi mwisho. Akaachia klachi.

Gari lilizunguka. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu Shekinah alikuwa anapiga makofi.

"Kanyaga klachi," Fauzia alisema.

Gari liliendelea kuteleza, likasimama lenyewe kwa heshima.

Thérèse aliweka paji la uso juu ya usukani, akalia. Fauzia alitazama pembeni, akaanza hadithi ya samaki wa Tanga aliyemeza injini ya boti, hata kila akikohoa anatoa moshi.

Lakini nyumbani Ruphin hakufurahi sana.

"Tununue tairi mbili zinazolingana na zile za zamani. Sawa. Na hizi mpya? Papa Gaston ataona hazipo. Nitamwambia nini? Kwamba sala yao nusura imgongeshe mtoto na basi?"

"Utamwambia ukweli."

"Mimi siwezi."

"Basi mimi naweza. Ile fomu na aibu yako, Baba Shekinah, chagua kimoja."

Jumatano jioni, baada ya maombi, Thérèse alisimama mbele ya kikundi. Alizilaza tepe nne juu ya meza, akaeleza kila kitu, pamoja na basi. Hakuficha kwamba waliziweka mbele ili zionekane. Ruphin alitazama viatu vyake kama anavinunua.

Papa Gaston alichukua utepe mmoja, akauvuta, akaulinganisha na mwingine. Alikuwa mtu mnene, muuza mitumba, na sauti yake ilitosha mikutano miwili kwa wakati mmoja.

"Eish," alisema. "Tulikuletea viatu bila kuuliza una miguu mingapi." Akamgeukia Ruphin. "Na wewe, ndugu yangu. Mtoto yuko hatarini, nawe unamlinda Papa Gaston asinune? Nani alikuambia mimi nanuna?"

"Unanuna, papa," mkewe alisema kutoka nyuma, na chumba kizima kikacheka.

Yeye pia akacheka. "Gari langu la mizigo linavuta nyuma tu. Saizi ni hiyo hiyo?"

"Ni hiyo," Thérèse alijibu.

"Basi hizo mpya nipe mimi. Kesho nitakununulia zako."

Alhamisi Thérèse na Papa Gaston walikwenda kwa muuza tairi zilizotumika, kwenye barabara kuu ya Kensington. Thérèse alipima tairi kumi na moja. Muuzaji alichoka, akasema, "Mama, ni tairi hizi, si gauni la harusi."

"Gauni la harusi likikosewa, bibi harusi hafi," alijibu, akaendelea kupima.

Tairi ya kumi na ya kumi na moja zililingana na zile za zamani. Saizi moja, chapa moja, kashata sawa, bila nyufa. Fauzia alizifunga mwenyewe. Alibadilisha pia mafuta ya gia boksi na ya difu ya nyuma. Akawaagiza wapime upepo kila wiki, na wahamishe tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele kila baada ya muda, ili zilike pamoja.

Ijumaa asubuhi foleni ilikuwa ndefu kama deni la serikali. Mbele ya lango la shule, Thérèse alishusha kiti, akamweka binti yake, akambusu. Kisha akarudi kwenye gari na kuzungusha usukani hadi mwisho. Lango zima lilitulia, kwa sababu kila mtu alikuwa amezoea mruko ule. Gari liligeuka kimya. Mlinzi wa shule akainua kidole gumba.

Yule afisa mpole alikuja dirishani.

"Mama Shekinah, umekuja na fomu?"

Thérèse aliitoa. Ilikuwa safi, haina saini.

"Mpe mtoto ambaye kwao ni mbali," alisema. "Wangu nakuja kumchukua saa nane."