Mayai Ishirini ya Ilongero

Mwaka 1997, baada ya mavuno ya alizeti, aliyetaka kuwaona watu wote wa Singida mjini kwa siku moja alikwenda kwenye mashine ya kukamua mafuta nyuma ya soko. Tangu biashara iachiwe watu binafsi, mashine za namna hiyo zilikuwa zimejaa kila kona, lakini hii ndiyo iliyokuwa na foleni. Kulikuwa na magunia, madumu ya njano, punda wawili wa mkokoteni, vumbi la maganda, na injini iliyomfanya kila mtu azungumze kama anagombana.

Eliana aliingia na chupa moja ya soda mkononi. Alivaa gauni la maua ya zambarau lililomkaa vizuri kiunoni, kanga begani, na kwenye kiwiko cha kulia alikuwa na unga wa ngano ambao hakuwa na habari nao. Alipita foleni yote mpaka mbele, watu wakaguna.

"Dada, foleni inaanzia kule kwa punda," alisema kijana aliyesimamia mashine. Alikuwa mrefu, ovaroli lake la bluu limelowa mafuta mpaka magotini, na alikuwa na meno meupe ambayo alijua kuyatumia.

"Mimi sina gunia. Nataka chupa moja tu."

"Hata punda wameshashusha magunia yao, na bado wamepanga."

"Kaka, keki moja inasubiri mafuta na nyingine iko kwenye moto. Ikiungua, utakwenda wewe kumweleza mwenye sherehe?"

"Keki ya mafuta ya alizeti?"

"Siagi ya kopo siku hizi haishikiki bei. Utanipa au nirudi?"

Yule kijana akaipokea chupa, lakini hakuikinga kwenye mashine. Alikwenda kwenye pipa lililokuwa kivulini. "Haya yanayotoka sasa ni mabichi, keki yako itanukia shamba. Chukua ya juzi, yameshatuama." Akaijaza, akaifuta kwa kitambaa. "Naitwa Damiani."

"Sijakuuliza jina."

"Ukirudi kulalamika utamuulizia nani?"

Eliana hakurudi kulalamika. Alirudi Alhamisi, na kipande cha keki kwenye gazeti, akidai kwamba anataka fundi aonje kama mafuta yake yananuka. Fundi alionja, akasema hana uhakika, aletewe kingine. Ilipofika Septemba, kwao Eliana kulikuwa na chupa saba za mafuta zilizojaa, na mama yake alikuwa ameshaacha kuuliza zinanunuliwa za nini.

Mama huyo aliitwa Rahel, mjane, mtu wa Kiomboi aliyeolewa mjini, na ndiye aliyemfundisha binti yake kazi. Walikaa Utemini, nyumba ya vyumba viwili na ua. Hawakuwa na oveni. Walikuwa na sufuria kubwa yenye mchanga chini, sufuria ndogo ya keki ndani yake, mfuniko, na makaa juu ya mfuniko. Moto wa chini uwe wa kuvizia, wa juu uwe wa kuonekana, Rahel alisema, na kazi yote ni kukaa hapo hapo. Keki za nyumba ile zilikwenda kwenye sendofu na ubatizo mpaka Mandewa. Zilitoka na rangi ya kahawia iliyolingana pande zote, na mtaa mzima ulijua siku zinapookwa, maana harufu ya vanila haina ukuta.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la Mwanabaraka, mama wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka Pangani na bibi yake Ilongero, na ndiye aliyekuwa na simu. Ililia kila siku saa kumi.

"Haloo, dukani kwa Mwanabaraka."

"Shikamoo mama. Namuomba Eliana."

"Marahaba. Eliana yupi?"

"Yule wa keki."

"Yule wa keki au yule wa moyoni?"

"Mama, simu inakula hela."

"Basi ungeshasema." Kisha sauti ilivuka barabara: "Elianaaa! Mafuta yako hayaa!"

Eliana alikuja mbio, akasimama mlangoni kwanza kujituliza, akaishika simu kwa ncha za vidole.

"Unasemaje?"

"Nimekukumbuka."

"Tumeonana asubuhi, Damiani."

"Ya asubuhi yameisha."

"Nina unga mikononi, na simu ya watu hii. Kata."

"Kata wewe, mpenzi."

Hakuna aliyekata. Mwanabaraka ndiye aliyekohoa.

Mwezi wa kwanza mwaka uliofuata, Damiani alisema lile lililokuwa likisubiriwa. "Nataka mama akujue." Mama yake, Yustina, aliishi Ilongero na shamba lake la uwele na kuku wake, na alikuwa na msimamo kuhusu wasichana wa mjini: wanajua kula, hawajui kinapotoka. Alikwisha kumwambia mwanawe hivyo mara tatu. Damiani alimpenda Eliana kwelikweli, lakini hakuwa mtu wa kuoa bila baraka za mama yake, na Eliana hakuwa mtu wa kuingia nyumba asimotakiwa.

"Nitampelekea keki," Eliana alisema. "Aniambie mwenyewe."

Alioka kubwa, yenye ganda la limau, akaiweka kwenye hotpoti mpya ya bluu yenye waridi ubavuni, mali pekee ya kujivunia ya Rahel. Damiani akaifunga nyuma ya baiskeli Jumamosi asubuhi.

Sasa, kila mtu wa kule anajua jambo hili, lakini nalisema. Chombo cha watu kikija kwako na chakula, hukirudishi kitupu. Utatia karanga, utatia viazi, ukikosa kabisa utatia chumvi. Na chombo kinapotoka kwa msichana kwenda kwa mama wa mvulana, kinachorudi ndani yake ndilo jibu. Hakuna barua itakayofuata.

Yustina alikula kipande cha kwanza amesimama. Cha pili alikaa. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akayatoa mayai ishirini aliyokuwa akiyakusanya ili kuku wake ayaatamie, yaani vifaranga vyake vya mwaka ule, akayapanga ndani ya hotpoti kwa pumba za uwele, safu kwa safu.

"Mwambie aliyepika kwamba nimeona," alisema. Kwa Yustina hayo yalikuwa maneno mengi.

Mwaka ule ni wa mvua za El Nino. Barabara ya Ilongero ilikuwa imekatwa makorongo, na Damiani, Jumapili akirudi na furaha yake, aliliona moja alipokuwa ameshaingia ndani yake. Goti lilichubuka. Alipoifungua hotpoti, alikuta uji wa njano wenye pumba.

Angeweza kusema. Sentensi moja ingetosha: nimeanguka, mayai yamevunjika, mama anawasalimu. Lakini mwanamume mzima, fundi wa mashine, alikaa kwenye bomba la maji nyuma ya mashine yake akaona aibu. Ataonekana mtu asiyeweza kubeba mayai. Akaiosha ile hotpoti kwa sabuni mara mbili, akaikausha mpaka ikang'aa, akaipeleka Utemini.

Eliana alikuwa kwenye kwaya. Rahel aliipokea mlangoni, na hapo hapo akainua mfuniko, akatazama ndani, akafunika.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, shikamoo mama, anawasalimu."

"Marahaba. Keki aliila?"

"Aliila. Aliipenda."

"Haya. Asante," alisema Rahel, na mlango ukafungwa taratibu. Damiani akaondoka akishukuru kwamba hakuulizwa.

Eliana aliporudi, mama yake alikuwa ameiweka hotpoti mezani, wazi.

"Kitupu?" Eliana aliuliza.

"Kitupu. Na wamekisugua kwa sabuni, wasibakize hata harufu yetu." Rahel alikuwa na hasira iliyotulia, ile mbaya. "Mwanangu, tumejibiwa."

Eliana alilia siku tatu, kisha akafuta uso akaendelea na kazi. Mafuta akaanza kununua kwenye mashine nyingine. Saa kumi simu ililia, na Mwanabaraka, ambaye hakupenda uongo ila aliuweza, alijibu: "Anasema hayupo."

"Anasema mwenyewe?"

"Mwenyewe. Amesimama hapa."

Siku ya sita Eliana alimnyang'anya simu. "Damiani, usinipigie. Kamuulize mama yako."

"Nimuulize nini?"

"Kamuulize!"

Na hilo ndilo jambo pekee duniani ambalo Damiani hakuweza kulifanya, maana kumuuliza mama yake ni kumweleza yaliyoyapata mayai. Akanyamaza. Alikonda. Alikamua alizeti ya mtu mmoja kwenye dumu la mwingine, watu wakagombana kweli safari hii.

Wiki tatu zikapita. Rahel aliandika Dodoma kwa dada yake Kristina, mwenye mgahawa, na jibu likaja: Eliana aende, kuna oveni ya umeme na chumba. Basi la Dodoma lilikuwa la Jumatatu. Eliana akakubali. Alifunga begi Ijumaa, akalifungua, akalifunga tena.

Jumamosi saa nne asubuhi alibisha hodi mama mmoja mwembamba, amevaa kitenge cha kijani na katambuga za tairi zenye tope, kikapu mkononi. Eliana alimwamkia shikamoo, akampa kigoda uani, akamletea maji. Mgeni aliyanywa yote. Alisalimiana na Rahel kirefu, habari za mvua, habari za magonjwa, habari za mazao. Kisha akakunja mikono.

"Mimi ni Yustina wa Ilongero, mama yake Damiani. Ni mtu wa shamba, sijui ya mjini. Nimekuja kujifunza. Hivi huku mtu akiletewa kitu, hasemi hata nimepokea?"

Rahel alishtuka. "Kitu gani?"

"Mayai ishirini."

"Mayai gani, mama?"

"Ya kuku wangu. Ya kuatamia." "Nilimvunjia kuku kiota chake kwa sababu ya keki ya binti yako. Wiki tatu nimekaa nasubiri asante. Nikasema basi, watu wa mjini wameyaona mayai yangu madogo."

Eliana aliingia ndani, akatoka na hotpoti ya bluu, akaiweka chini katikati yao, akafungua.

"Ilirudi hivi, mama."

Yustina aliinama, akanusa. "Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni."

"Damiani," alisema Yustina polepole, kama mtu anayemuita mtoto huku anatafuta fimbo.

Walivuka barabara wote watatu. Mwanabaraka hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alizungusha namba ya ofisi ya mashine kwa furaha isiyofichika. "Mpe Damiani. Mwambie mama yake yuko Utemini anaulizia mayai. Ndiyo. Mayai. Yeye ataelewa."

Waliporudi uani, ovaroli la bluu lilifika kabla chai haijachemka. Damiani aliegemeza baiskeli ukutani, akawatazama wanawake watatu na hotpoti moja, akasema yote, toka korongo mpaka bomba.

"Hata moja halikupona?" Yustina aliuliza.

"Matatu yalipona."

"Yako wapi?"

Damiani alitazama viatu vyake. "Niliyakaanga. Nilikuwa na njaa, mama."

Rahel ndiye aliyeanza kucheka, akajifunika uso na kanga. Yustina alimfuata huku akisonya, na kutoka upande wa pili wa barabara likaja cheko la Mwanabaraka, ambaye eti alikuwa anafagia. Eliana peke yake hakucheka.

"Wiki tatu nimelia, Damiani. Begi langu liko tayari, Jumatatu naenda Dodoma."

"Niliona aibu. Niliogopa mtasema hata mayai siwezi kubeba."

"Mayai si kitu!" Machozi yalimjaa. "Nakupenda, ndiyo maana nauliza. Siku kikivunjika kitu kikubwa, ukipoteza kazi, akiugua mtoto, utaosha chombo na kuniletea kinang'aa? Niwe naishi na mtu ambaye sijui nini kimevunjika?"

Mama zao waliacha kucheka. Damiani alivua kofia.

"Nitakuletea hivyo hivyo kilivyovunjika," alisema. "Na pumba zake. Nakuahidi mbele yao. Usiende Dodoma, Eliana. Nakuomba."

Eliana alivuta kikapu cha Yustina, akachungulia. Yalikuwemo mayai sita, ya kuku wa pili, yamefungwa kwenye kitambaa.

"Haya nayo ulimletea nani, mama?"

"Niliyabeba kwa hasira," alisema Yustina. "Ili niwaonyeshe mayai yenyewe yalivyo."

Eliana akayavunja kwenye bakuli, akampa Damiani uma. "Piga. Mpaka nitakaposema basi." Damiani alipiga mayai yale mpaka mkono ukafa ganzi, na Eliana hakusema basi mpaka makaa yalipokuwa tayari. Yustina alikaa karibu na jiko kutwa, akitazama moto wa juu na moto wa chini, na mara mbili alimzuia Damiani asifunue sufuria. Jioni aliondoka na keki kwenye kikapu, amepanda gari la mnadani. Baiskeli aliikataa.

Jumatatu basi la Dodoma liliondoka na kiti kimoja wazi.

Hotpoti ilitumwa tena Ilongero na keki nyingine siku ya Jumatano, na safari hii ilikaa huko wiki nzima. Rahel alifagia ua kila asubuhi, akisema ni kwa ajili ya majani. Jumapili ya wiki iliyofuata, watu wakiwa wametoka kanisani, walitokea Zefania, baba mdogo wa Damiani, aliyevaa koti la suti katika jua lile, shemasi mmoja, na nyuma yao Damiani, shati jeupe, anatembea kwa miguu, ameikumbatia hotpoti ya bluu kifuani. Alikuwa ametembea nayo hivyo kutoka Ilongero, tangu alfajiri.

Kilichowaleta kilijulikana. Zefania alikuwa ameandaa maneno yake njiani, ya heshima na mzunguko, kama inavyotakiwa kwa mposaji. Lakini Rahel alipofungua mlango, Eliana akiwa nyuma ya bega lake, kabla ya Zefania kukohoa, kabla hata ya shikamoo, Damiani aliinua mfuniko.

"Mama," alisema, "moja limepasuka."

Rahel alitazama ndani. Kumi na tisa mazima, na moja lina ufa, limelowanisha pumba. Hakuna aliyekuwa amelifuta.

Aligeuka akamtazama binti yake, na binti yake alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Karibuni ndani," alisema Rahel. "Pitisheni na hilo lililopasuka."