Mwonjaji wa Mwanjelwa

Siku ya tatu ya ugeni wake Mbeya, Yunisi aliliona soko zima la Mwanjelwa likizunguka.

Ilikuwa saa saba mchana, baridi ya Juni inaingia mpaka kwenye mifupa, na watu wamejaa: wauza parachichi, wauza mitumba, wasukuma mikokoteni wanaopiga kelele, "Pisha! Pisha mguu!" Yunisi alisimama katikati yao na gauni la kitenge cha bluu alilolishona kwa mkono wake, sweta jeusi juu, na tumboni ndizi mbili na yai moja la kuchemsha. Ndivyo alivyokuwa akila tangu ashuke kwenye basi la kutoka Iringa. Ndizi anaimenya mwenyewe, yai analimenya mwenyewe. Kitu chenye ganda lake, ambacho mkono wa mtu haujaingia ndani.

Akanyoosha mkono ashike ukuta, akashika sinia.

"Wee dada! Wee! Sahani za watu hizo!"

Mwenye sinia alikuwa kijana mrefu, kofia ya kufuma kichwani, eproni ya kijani kiunoni. Mkono mmoja aliokoa sahani, wa pili akamdaka Yunisi kwenye kiwiko.

"Samahani kaka. Kizunguzungu tu."

"Umekula nini leo?"

"Nimekula."

"Sijauliza kama umekula. Nimeuliza nini."

Kijana akamkokota polepole mpaka kwenye banda la mabati lililojaa moshi na harufu ya nazi, ambako mama mnene mwenye ushungi wa zambarau alikuwa anakoroga sufuria.

"Habibu, nani tena huyo umemwokota?"

"Mgeni, mama. Lafudhi ya Iringa hii. Njaa inataka kumuua."

"Mpe mbalaga. Mpe na wali wa Kyela. Karibu mwanangu, mimi Bi Batuli, hapa ni kwako."

Sahani ikaletwa. Ndizi mbichi za Tukuyu zimelainika kwenye mchuzi mzito, vipande vya nyama vinang'aa, pembeni wali unanukia mpaka unasikia mate yanajaa mdomoni. Yunisi akaingiza mikono yote miwili chini ya meza.

"Kula basi," Habibu akasema. "Unaogopa nini? Kitimoto? Hapa kwa Waislamu, mnyama huyo hapiti hata mlangoni."

"Siyo hivyo."

"Mama yangu anaweka nazi, najua Wanyakyusa wanamsema. Ndiyo unaogopa nazi?"

Yunisi akamtazama. "Onja wewe kwanza," akasema.

Mwiko wa Bi Batuli ukasimama. Wateja wawili wakageuka. Yunisi alijua amemtukana mtu mbele ya jiko lake, lakini alimsukumia sahani.

Habibu hakununa. Alivuta kiti, akachukua kijiko, akala ndizi, akala nyama, akanywa mchuzi, akachota wali katikati na pembeni, akanywa na maji ya glasi. "Na chumvi nilambe?"

"Lamba."

Akalamba. Yunisi alilitazama koo lake likipanda na kushuka. Akatazama macho yake, akatazama kucha zake. Alisubiri mpaka mvuke wa sahani ukaisha. Kijana bado yuko hai, anacheka. Ndipo Yunisi akala, na alipofika katikati ya sahani machozi yakamtoka, maana chakula kilikuwa kitamu na alikuwa amechoka kuogopa.

Alikuwa ameletwa Mbeya kutoka Kihesa, Iringa, na bosi wake kushona sare za shule kwa wiki tatu, na siku zote zilizobaki alikula kwa Bi Batuli. Kila siku Habibu alionja kwanza. Siku ya samaki mbasa alionja kichwa na mkia. Siku ya maharage alionja punje moja moja, kwa makusudi, mpaka Yunisi akampiga na kitambaa.

"Malkia wa Kihesa! Mwonjaji wako yuko kazini!"

"Onja haraka, kinapoa."

"Nikifa leo utanilia?"

"Nitahamia banda la pili."

Walipenda kutegeana vitendawili mteja akipungua. Siku moja Yunisi akasema, "Kitendawili!"

"Tega."

"Nina mgeni nyumbani, hali wala hanywi, na kila siku ananenepa."

Habibu akafikiri. "Kivuli?"

"Siyo."

"Paka wa jirani?"

"Paka gani asiyekula? Nipe mji."

"Haya, nakupa Tukuyu na ndizi zake zote."

"Hofu," Yunisi akasema.

Habibu hakucheka. Siku hiyo ndipo Yunisi alipomwambia habari ya baba yake. Kwao kijijini Igowole, mtu akikuletea pombe au chakula, huonja kwanza mbele yako, ndiyo adabu, ndiyo namna ya kukwambia hakuna kitu kibaya humu. Baba yake alialikwa kijiji cha pili, akapewa ulanzi, pombe ya mianzi, na mtu ambaye hakuonja. Baba akaona haya kumwambia aonje. Alfajiri alikuwa amekufa. Hospitali walisema moyo. Mama yake hakusema moyo. Tangu siku hiyo alimlea Yunisi kwa neno moja: usimeze ambacho aliyekuletea hajameza.

"Basi nitameza," Habibu akasema. "Mimi kazi yangu kumeza."

Yunisi aliporudi Iringa, simu zikachukua nafasi ya sahani. "Umekula, mpenzi?" "Nimepika mwenyewe." "Nani ameonja?" "Nimeonja mimi." "Na umebaki salama?" "Nusu salama. Nusu iko Mbeya." "Njoo basi uifuate nusu yako. Nina neno, haliwezi kupita kwenye simu. Njoo Jumamosi."

Alikwenda. Alivaa gauni jipya la rangi ya machungwa lenye mikono ya marinda, akasuka nywele, akajipaka manukato kidogo nyuma ya masikio. Banda lilikuwa limefagiliwa, meza moja imetandikwa kitambaa cheupe, na hotipoti katikati. Bi Batuli alimkumbatia, kisha akaondoka haraka mno akisema anakwenda kununua bizari, na kopo la bizari lilikuwa palepale kwenye rafu limejaa.

Yunisi akalitazama lile kopo.

Habibu naye hakuwa Habibu. Midomo imekauka, macho yameingia ndani. Akafunua hotipoti. Hakutania. Hakumwita malkia.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Kaa, mpenzi. Kula."

"Hujaonja."

Akasita. Mtu aliyeonja kila siku bila kuombwa leo akasita, akatazama sahani kama mtu anayetazama kisima. Kisha akachukua kijiko, akagusisha mchuzi kwenye ulimi, akageukia ukutani. Kwenye kioo cha kabati la maandazi Yunisi akamwona wazi: ametoa leso, ametema. Ametema yote, na midomo akaifuta mara mbili.

Akasimama mpaka kiti kikaanguka.

"Umetema."

"Yunisi, subiri..."

"Umetema, Habibu! Nimekuona!"

"Nimefunga. Leo nimefunga."

"Umefunga nini? Ramadhani imepita miezi mitatu!"

"Siyo Ramadhani, ni... siwezi kukueleza hivi. Kaa kwanza nikwambie lile neno..."

"Mbona huwezi? Sema sasa hivi!"

Alifungua mdomo, akaufunga, jasho likamtoka kwenye baridi ile. Yunisi hakusubiri. Alikimbia katikati ya mafungu ya viazi na nyanya, kiatu kimoja mkononi, akijua kwamba mtu mwenye jambo safi hawezi kukosa maneno. Akampigia mama yake, ambaye alikwisha kumsimulia habari zote za Habibu.

"Mama, ametema."

"Umekula?"

"Sijakula."

"Hata kidogo?"

"Mvuke tu. Nimevuta mvuke."

"Rudi," mama akasema kwa sauti ndogo sana. "Rudi mwanangu, na hiyo simu yake usiipokee."

Ndani ya basi tumbo likaanza kumsokota. Alijishika tumbo toka Makambako mpaka Mafinga, akijihesabia mapigo ya moyo, akingojea yale yaliyomkuta baba yake. Alifika Kihesa hai, lakini hofu ilishuka naye. Jumapili alimwaga uji wake mwenyewe kwa sababu alidhani una harufu. Jumatatu alikunywa maji tu. Kwenye cherehani sindano ikamchoma kidole. Na kilichomtisha kuliko kufa ni hiki: kila alipofumba macho alimwona Habibu akila punje za maharage, moja moja, na moyo wake mjinga ulikuwa unacheka.

Jumanne saa tisa mchana ikaita namba asiyoijua.

"Yunisi, usikate. Niko Iringa."

"Umekuja kufanya nini?"

"Niko hapa sokoni Kihesa, karibu na wauza mkaa. Simjui mtu. Njoo na watu kumi ukitaka. Nisikilize, halafu nitaondoka."

Alikwenda peke yake, lakini alisimama hatua tano mbali naye, mahali ambapo akipiga kelele soko zima litasikia. Habibu alikuwa na mfuko wa nguo begani na shati lililokunjamana kwa safari. Amekonda.

"Sema ukiwa hukohuko."

"Ulipoondoka mara ya kwanza," Habibu akaanza, "niliweka nadhiri. Nikasema, Mola, huyu binti akirudi Mbeya kwa miguu yake, kwa hiari yake, nitafunga siku tatu za kushukuru. Alfajiri ya siku uliyorudi nikanuia. Jumamosi ilikuwa siku ya kwanza. Nadhiri haivunjwi, Yunisi. Na wewe ukasema, hujaonja."

"Ndiyo ukatema?"

"Mpishi aliyefunga huonja chumvi kwa ncha ya ulimi, akatema. Mama anafanya hivyo kila Ramadhani tangu nimezaliwa. Kwetu hakuna anayeshangaa. Sikufikiri kabisa macho yako yataona nini."

"Kwa nini hukusema? Nilikuuliza!"

"Ningesemaje nadhiri bila kusema ni ya nani na kwa ajili ya nini? Nilitaka kukuposa baada ya kula. Maneno niliyapanga wiki nzima, na yote yakanitoroka ulipoangusha kiti."

Muuza mkaa aliacha kupanga makopo yake. Yunisi hakusogea. Hofu ilimnong'oneza: hata mwongo angesema hivi.

"Na kile chakula?"

Habibu akatoa simu, akampigia mama yake kwa spika, akaiweka juu ya gunia la mkaa katikati yao na kurudi nyuma. Sauti ya Bi Batuli ikapasuka:

"Yunisi! Mwanangu, kile chakula nimekila mimi! Magharibi ilipoingia nilikaa nikakila na huyu mpumbavu wangu, hata mchuzi wa chini nikakomba kwa mkate! Siku ya nne leo, nasikia marehemu hawapigi simu! Mimi nilitoka kwa kisingizio cha bizari niwaache mposane, kumbe nimewaacha mgombane!"

Muuza mkaa akacheka kwa nguvu. Yunisi naye kicheko kikamtoka kikiwa kimechanganyika na kilio, mpaka akachuchumaa chini na gauni lake safi kwenye vumbi jeusi la mkaa.

"Umekula leo?" akauliza alipopata sauti.

"Tangu jana usiku sijala."

"Mbona mji mzima una chakula?"

"Nimepita magenge matatu tangu stendi. Kila moja watu wananitazama, nami sijui wanapika nini wala mpishi ni nani. Nikasimama nje kama mwizi. Nikasema, kumbe ndivyo alivyokuwa, siku zile tatu."

Alimpeleka chumbani kwake, mlango ameuacha wazi kwa adabu. Akasonga ugali, akapika majani ya maboga kwa karanga. Alipotua sahani akanyoosha mkono aonje kwanza, maana ndiyo desturi ya mwenye nyumba, lakini Habibu alishakata tonge, akachovya, akameza.

"Habibu! Sijaonja!"

"Nina njaa, mwenzio."

Alimtazama koo likishuka, akashtuka kuona anamwogopea hata kwa chakula cha mkono wake. "Hii hofu yangu haitaondoka," akamwambia. "Usidhani ukinioa itakwisha. Nitakwambia onja hata tukiwa wazee. Watoto watatucheka."

"Wacheke. Nitaonja mpaka meno yaishe, halafu utanipikia vya kumumunya. Unanikubali?"

"Na mambo ya dini?"

"Hayo tuwakalishe wazee, wayaseme. Mimi nauliza lako."

"Langu ni ndiyo," Yunisi akasema.

Limebaki la mama. Hilo lilimtisha kuliko yote, kwa kuwa bila mama hakuna ndoa, na mama alishamzika Habibu moyoni. Akapiga simu Igowole, akaeleza kila kitu toka mwanzo: nadhiri, leso, Bi Batuli na mchuzi wa chini. Mama hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza akasikia kuku tu upande wa pili, na jembe likiegemezwa ukutani.

"Mama? Upo?"

"Nipo."

"Anataka kuja Jumapili kukusalimu. Nimwambie asije?"

Habibu akaacha kutafuna.

"Mwambie aje," mama akasema mwishowe. "Mwambie nitachinja jogoo. Na umwambie nitaonja mimi mwenyewe kwanza, mbele yake, kila sahani, asije kijana wa watu akaogopa."