Kufuli la Pili

Haya yalimpata rafiki yangu Lorne Petryk, mkaguzi wa umeme hapa Hamilton, na sijaongeza chumvi hata punje.

Mwenye nyumba, Bi Doreen, alimganda mlangoni. "Fundi, wapangaji wanaingia leo na kichanga. Nipe cheti changu!"

"Mama, nikisaini bila kupima, watakuja kuungua humu."

Akashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, akazima swichi kuu, akaitia kufuli lenye kadi ya jina lake. Ndiyo desturi ya mafundi: kila aliye kazini huweka lake, na umeme haurudi mpaka la mwisho litolewe. Siku hiyo alikuwa peke yake.

Alipima nyaya kwa mwanga wa tochi. Nyuma ya ukuta kitu kilikwaruza polepole, kama bisibisi inayokaza skrubu.

"Panya," alijiambia.

Alipomaliza alifungua kufuli lake. Swichi ikagoma.

"Washa basi, baridi inatuua!" Doreen alipiga kelele kutoka juu.

Lorne akamulika. Kando ya tundu alimotoa kufuli lake palining'inia kufuli jingine, limeliwa na kutu, na kadi yake bado ikiyumba: "Nimo ndani. Usiwashe."